Kidole Kimoja, Majina Manne

Nyambureti,
24 Agosti 2025

Kwa mkamwana wangu Scholastica,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini hujambo, na kwamba vumbi la mawe ya huko bado halijakumaliza kifua. Sisi ni wazima. Neema anasumbuliwa na jino lakini hataki kwenda kung'oa, anasema litachoka lenyewe. Mwanao Gati ameshika nafasi ya nne darasani, sasa hatulali kwa maringo yake. Jana alinisahihisha hesabu ya mbuzi mbele ya wageni. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Tangu Pasaka hupokei simu yangu, basi nimeshika kalamu. Usicheke mwandiko. Elimu ya watu wazima niliisoma mwaka sabini na tano, na tangu hapo jembe nimelishika zaidi ya kalamu. Barua nampa Maftah wa Morotonga, yule wa mitumba, maana kila wiki anakuja huko Nyangoto na marobota yake.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Erasto wa ukoo wetu anagombea udiwani. Alikuja hapa Alhamisi jasho linamtoka. Fomu yake inataka wapiga kura kumi wa kumdhamini, naye alikuwa na sita tu, na siku ya kurudisha inakaribia. Nikamwambia, mura, kijana wangu, tulia, nyumba ya Nyangi haijawahi kukosa watu. Akaniachia fomu na kikopo cha wino wa muhuri, akaenda kuzunguka kwa majirani. Kadi zenu za kupigia kura ninazo sandukuni, hata yako uliyoiacha. Nikamjazia wanne: mimi, Neema, binti yake Boke aliyepata kadi mwaka huu, na wewe. Kidole changu kilifanya kazi ya wote, kama kilivyofanya siku ya vyandarua na siku ya mbegu za ruzuku. Erasto aliporudi alinishika mkono mara mbili kwa furaha.

Nakujulisha tu ili ujue kwamba jina lako huku bado lipo, hata kama miguu yako ilikimbia. Kula vizuri. Huko wanasema watu wanashindia chai.

Mama yako,
Nyangi


Nyangoto,
31 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Maftah. Nimefurahi kusikia mko wazima, na nimefurahi sana kwa nafasi ya nne ya Gati. Mimi kifua kiko salama, kinachouma ni mgongo. Nachagua mawe ya dhahabu kwenye karasha, ile mashine ya kusagia, tuko wanawake tisa, na kila mmoja ana ndoo yake.

Mama, nimeisoma habari ya fomu mara tatu nikidhani nimekosea. Umenidhamini mimi kwa Erasto?

Nikukumbushe kidogo, maana nadhani umesahau. Nilikuwa na miaka kumi na saba uliponitoa kwa baba yangu kwa ng'ombe. Hukunitoa niolewe na mwanao, kwa sababu Mungu hakukupa mwana. Ulinitoa nizae kwa jina la nyumba yako, kama ulivyomtoa Neema kabla yangu. Sikulalamika. Ulinilisha, hukunipiga, nilipojifungua ulikaa nami siku nane. Hayo siyasahau.

Lakini mwaka jana mwezi wa kumi na moja niliomba niondoke na mwanangu nikatafute maisha. Mkakaa kikao. Aliyekuwa mwenyekiti wa kikao ni nani? Erasto. Sikuulizwa hata swali moja. Alisema, "Mwanamke wa nyumba hii hana neno, na mtoto ni wa nyumba," kisha akaomba maji ya kunawa mle. Wewe ulikaa kimya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya nyama.

Sasa mtu huyo huyo anakwenda kuomba kura na jina langu likiwa chini ya jina lake kwamba mimi namwamini. Ungeniomba figo ningefikiria. Hilo hapana. Na mimi nina sahihi yangu, mama, nilifika kidato cha pili. Kidole cha nini?

Mwambie Erasto alitoe jina langu. Mbusu Gati.

Scholastica


Nyambureti,
13 Septemba 2025

Scholastica mwanangu,

Nakusalimu kwa upole. Huku wazima, ila usingizi umepungua. Neema jino limemshinda, ameling'oa.

Barua yako ilinikuta nimeshaharibikiwa, kwa hiyo usidhani nimeidharau. Fomu ya Erasto ilipobandikwa, mgombea wa upande wa pili aliweka pingamizi. Watu wa uchaguzi wakaitazama kwa kioo cha kukuzia. Wakasema majina manne yana kidole kimoja. Fomu ikakataliwa na Erasto akatolewa kwenye uchaguzi. Nikadhani mambo yameishia hapo, kila mtu arudi shambani. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Polisi wameniita kituoni mara mbili. Simu yangu wameichukua, inaitwa kielelezo. Wamenipaka wino vidole vyote kumi, na sabuni ya huko haitoshi hata kuosha kimoja.

Erasto anasema yeye alipokea tu fomu iliyojazwa, hakujua. Hakujua! Alikikuta kikopo chake cha wino kimekauka nusu, akashukuru. Tangu siku hiyo akiniona njiani anageukia mahindi.

Mimi nimewaambia hivi: kidole ni changu, lakini wenye majina walinituma. Neema hatasema neno. Boke ni mtoto, atafuata mama yake. Umebaki wewe. Watakuja huko Nyangoto kukuuliza. Ukisema kwamba ulinituma, kwamba uliniambia mama niwekee, kesi inakufa. Ukisema hapana, mimi ni mtu wa miaka sabini na mbili, na gerezani wanalala chini.

Nakuomba kama mzazi. Na neno lingine, lisome vizuri. Ukinisaidia katika hili, habari ya Gati tutaizungumza upya. Sitaita kikao wala nani. Mimi na wewe tu. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili unaweza kuja kumchukua, na mtu yeyote atakayeuliza nitamjibu mimi.

Unanijua, nikisema nimesema.

Mama yako,
Nyangi


Nyangoto,
21 Septemba 2025

Mama, shikamoo tena.

Mimi mzima. Nakuombea afya, na naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako ilifika Jumatano jioni. Askari alifika Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja nzima ya kuamua, na sitakudanganya, nilishaamua kusema uongo. Nilimfulia Gati shuka la pili ambalo hajawahi kulilalia. Nilikwenda kuulizia nafasi shule ya hapa. Mwalimu akaniambia darasa la sita lina nafasi, niende na fomu ya uhamisho. Nilirudi karashani naimba, wenzangu wakaniuliza nimeokota jiwe gani.

Askari alikuwa mwanamke, anaitwa Afande Yasmini. Hakunitisha. Alikaa kwenye ndoo yangu iliyogeuzwa, akafungua faili, akanionyesha karatasi. Nikaliona jina langu lote, herufi kubwa, na pembeni yake doa la wino. Akaniambia pole pole kama anayemsomea mtoto kwamba kughushi udhamini wa mgombea ni kosa la jinai, mtu anaweza kulipa faini au kufungwa au vyote viwili, na kwamba anayetoa maelezo ya uongo naye anajitafutia kesi yake. Halafu akasema, "Dada, hili swali ni lako peke yako. Ulimtuma?"

Mama, hapo ndipo nilipokwama. Si kwa sababu ya kifungo. Ni kwa sababu ya hilo swali. Tangu nimezaliwa nimeulizwa mengi: maji yako wapi, mtoto analia nini, chumvi umetia. Lakini kuulizwa neno langu nikawa nasubiriwa, kalamu imeshikwa, hakuna mwingine wa kujibu, ilikuwa mara ya kwanza. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Ikatoka hapana.

Nilisema hapana, sikumtuma. Nilisema pia kwamba hukufanya kwa ubaya, kwamba ndivyo unavyotufanyia katika vyandarua na mbegu na michango ya msiba, na kwamba hakuna aliyewahi kukuambia ni kosa. Yote akayaandika. Akanipa kalamu nikaweka sahihi. Niliiandika yote mpaka mkia wake.

Najua nimekuuza. Najua pia nimempoteza Gati kwa neno moja, na usiku naamka nikilitafuta hilo neno nilirudishe. Halirudi. Ungeniomba kwenye barua hiyo bila kumtia Gati ndani yake labda ningekudanganyia. Ulipomtia, nikaona tunarudi kwenye kile kikao, ila safari hii mwenyekiti ni mimi.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini usimfanye Gati anichukie.

Mkamwana wako,
Scholastica


Nyangoto,
9 Novemba 2025

Mama, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu, ukihesabu na ile fupi ya mwezi wa kumi. Zile siku za uchaguzi magari hayakutembea, nikasema labda ndiyo sababu. Lakini sasa Maftah amekuja mara mbili mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Bibi yupo," kisha anaanza kukunja suruali ambazo zimeshakunjwa.

Uko nyumbani au uko ndani? Nani anakukamulia ng'ombe? Gati anakula kwa nani?

Hata ukiniandikia matusi nitashukuru. Angalau yatakuwa ya mkono wako.

Scholastica


Nyambureti,
7 Desemba 2025

Scholastica,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, na niko nyumbani. Gati mzima, ameshika nafasi ya pili, Mungu atusaidie. Neema mzima na pengo lake.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, haina haraka. Barua zako zote nilizipata. Ya kwanza niliitupa jikoni, Gati akaiokota kabla haijashika moto. Imeungua pembe moja tu.

Nikueleze yaliyotokea. Nilikuwa nimejiandaa kukataa mahakamani. Nilikuwa na maneno yangu kabisa. Lakini kabla ya siku hiyo Afande alinisomea maelezo ya kila mmoja. Ya kwako niliyajua. Nikasema moyoni, huyo ana kinyongo chake. Akasoma ya Neema. Neema ambaye nimekaa naye miaka ishirini na mitatu, niliyejua hatasema neno. Aliulizwa kama angemdhamini Erasto. Akajibu, "Sijui. Sijawahi kuulizwa jambo kama hilo, kwa hiyo sijui ningesema nini."

Kisha akasoma ya Boke. Ameandika mstari mmoja tu. "Bibi hakuniuliza. Angeniuliza ningekubali."

Mwanangu, nilikwenda pale nikijua nitahukumiwa kwa kosa la wino. Lakini lile neno la Boke ndilo lililonihukumu. Yule mtoto angekubali. Palihitajika kumwita tu, alikuwa nje anapepeta mtama, hatua kumi kutoka nilipokaa. Sikumwita. Haikunijia hata akilini. Na si kwamba siwapendi. Nilidhani kuwapenda ndiko huko, kuwabebea kila kitu mpaka neno la mdomoni.

Unajua mimi nimeishi vipi. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hapa kwetu ni kama amekaa kwenye kiti cha kuazima. Nilipowatoa ninyi kwenu, watu walisema nyumba ya Nyangi itaongozwa na nani? Nikasema na mimi. Nikajifunza kujibu haraka kabla mwanamume yeyote hajajibu kwa niaba yangu. Nimejibu haraka hivyo miaka zaidi ya ishirini, nikasahau kwamba ndani ya nyumba kuna watu wengine wenye midomo.

Hakimu alipouliza ni kweli au si kweli, nilisema ni kweli. Nikasema na aliyenipa kikopo cha wino alijua majina ni manne na mtu ni mmoja, kwa hiyo Erasto naye kesi yake inaendelea, na sasa hata kwenye mahindi hana pa kugeukia. Mimi hakimu alitazama umri, akatazama kwamba sikuwasumbua, na maneno yako yale ya vyandarua alikuwa nayo mezani, aliyasoma kwa sauti. Hakunipeleka ndani. Amenipa kazi ya jamii miezi sita. Kila Jumatatu na Alhamisi nafagia uwanja wa zahanati, na ninapomaliza naandika jina langu kwenye daftari. Kidole hawataki. Muuguzi anasema, "Bibi, andika, unajua kuandika." Basi naandika. Inanichukua muda kuliko kufagia.

Sasa neno la Gati. Lile nililokuahidi kwenye barua ya mwezi wa tisa lilikuwa rushwa, nalifuta. Hili ni lingine. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya uhamisho wa shule. Mwalimu mkuu ameshagonga muhuri. Palipoandikwa mlezi nimeandika jina langu, unaona linavyopanda kilima. Palipoandikwa mzazi nimepaacha. Sijagusa. Niliweka karatasi juu ya meza siku nne, kila nikipita mkono unaniwasha, lakini sijagusa.

Weka sahihi yako, au usiweke. Sitaita kikao.

Mama yako,
Nyangi


Nyangoto,
14 Desemba 2025

Mama yangu, shikamoo sana.

Nimelia mbele ya watu wa karasha bila aibu. Namshukuru Mungu hukuingia ndani. Nakushukuru na wewe kwa mengine yote, sitayataja hapa kwa sababu nikiyataja sitamaliza kuandika.

Fomu niliipokea, nikanawa mikono, nikatafuta kalamu nzuri kwa jirani yangu Kuruthumu, anayeuza sare za shule. Nikainama kuandika. Kuruthumu akauliza, tena akiwa anapima kitambaa, hata hakunitazama, "Mwenyewe amefurahi?"

Nikamwambia atafurahi. Akasema, "Amesema?"

Mama, nilibaki nimeinama hivyo hivyo. Mwaka mzima nimekuwa nikipigania neno langu, na sijamuuliza Gati hata mara moja. Nimemfulia shuka, nimemtafutia shule, nimemwekea mswaki. Ana miaka kumi na moja. Ana rafiki zake huko, ana wewe, ana ng'ombe anayemwita kwa jina. Hapa nina chumba kimoja, na kelele za karasha haziishi mpaka jioni. Labda atataka kuja. Labda hatataka. Nilikuwa nakaribia kumwekea kidole.

Kwa hiyo nakurudishia fomu kama ilivyo. Nafasi yangu bado iko wazi. Naomba umpe Gati karatasi na kalamu, aandike mwenyewe anataka kusoma wapi. Mwambie jibu lolote halimkosei mtu. Na wewe usimwambie unachotaka, hata kwa macho, maana macho yako nayajua. Akisema anakuja, nitasaini nije kumchukua. Akisema anabaki, nitakuja kila akifunga shule, nipike, nilale chumba changu kile kama hujakigeuza ghala.

Naogopa jibu lake kuliko nilivyomwogopa Afande.

Mwanao,
Scholastica


Nyambureti,
22 Desemba 2025

Mwanangu Scholastica,

Salamu. Sisi wote wazima. Chumba chako nilikigeuza ghala, ndiyo, lakini tangu jana mahindi yamehamia kwa Neema.

Nilimwita Gati nikampa karatasi na kalamu, nikamsomea maneno yako yote bila kuongeza la kwangu. Akaniuliza, "Bibi, wewe unataka niandike nini?" Nikatazama ukutani. Nakuambia huo ukuta sasa naujua kila ufa. Nikamwambia sikuulizwa mimi.

Akatoka na karatasi yake, akakaa nyuma ya zizi tangu asubuhi mpaka mbuzi wanarudi. Mara anaandika, mara anamtazama ng'ombe mwekundu. Mara moja alilia kidogo. Nilitaka kwenda. Neema akanishika kanga, tukabaki tumekaa kama wageni kwenye nyumba yetu wenyewe.

Jioni alikuja na bahasha. Ameifunga kwa ugali wa moto, anasema gundi za siku hizi ni za kudanganya. Juu ameandika jina lako, na nyuma, palipofungwa, ameweka sahihi yake inayokatiza mfuniko, ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Sijui hiyo akili ameitoa wapi.

Nimeiweka humu pamoja na fomu. Nimeishika mkononi usiku mzima, ni nyepesi sana.

Sijaifungua.

Bibi yake,
Nyangi